Pazia la Njiwa

Shule ilifungwa saa kumi na nusu jioni, na Nuara alikuwa na njia yake moja isiyobadilika. Kwanza alipita kwa muuza mikate, akachukua mikate miwili mirefu, akaanza kumega ncha ya mmoja kabla hata hajavuka barabara. Mtoto wa mji ule wa Miliana anayefikisha mkate mzima nyumbani bado hajazaliwa. Kisha alishuka mtaa wa chini hadi kwenye hamamu. Hapo mlangoni, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, alikaa Khalti Zulikha, mlinzi wa mabegi na mataulo ya wanawake waliokuwa ndani wakioga. Hakuwa ndugu wa mtu yeyote mtaani, lakini kila mtoto alimwita Khalti, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo.

"Nuara, binti yangu, njoo uniazime macho," alisema siku hiyo, akitoa karatasi iliyokunjwa kifuani. "Wameniletea hii. Inasemaje?"

"Ni ya maji, Khalti. Yatakatwa Jumatatu asubuhi. Wanatengeneza bomba."

"Hamamu bila maji! Basi watu tutawaogesha kwa mate." Alicheka peke yake, akairudisha karatasi kifuani na kuokota taulo alilokuwa akilitia ukingo wa uzi kwa sindano ya kroshia. "Na pazia la marehemu mama yako, limefika wapi?"

"Linaendelea vizuri."

"Ukikwama nipo. Kreti langu halina miguu, halihami."

"Asante, Khalti," alisema Nuara, naye akaondoka haraka.

Rafiki yake Hasna, aliyekuwa akitembea naye, alijizuia mpaka walipofika kona, ndipo akaangua kicheko. "Mtu mzima hajui hata alifu! Halafu anataka kukufundisha wewe?"

Nuara naye alicheka. Lakini kicheko kilimkauka kabla hajafika nyumbani, kwa sababu pazia halikuwa likiendelea vizuri. Halikuwa likiendelea kabisa.

Mama yao alifariki majira ya baridi ya mwaka uliopita, baada ya kuugua miezi saba. Kama mama wengine wa mji ule, alianza kumwandalia Wahiba, binti yake mkubwa, vitu vya arusi tangu Wahiba akiwa mtoto wa miaka kumi. Alishona mashuka, akadarizi mito, akafuma vitambaa vya meza, vyote akavipanga sandukuni. Kitu kimoja tu hakuwahi kukianza: pazia la mlango la uzi mweupe, la vipande viwili. "Nitalifuma la njiwa," alikuwa akisema akiwa kitandani, "acha mikono ipate nguvu." Mikono haikupata nguvu. Baada ya mazishi walikuta ndani ya kopo la biskuti madonge kumi na mawili ya uzi, sindano yake ya kroshia, na karatasi ya daftari iliyojaa nambari, zimeandikwa kwa mkono uliotetemeka.

Sasa Wahiba alikuwa anaolewa. Siku ya Alhamisi kabla ya arusi, masanduku yake yangefunguliwa sebuleni mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Kila kitu kingeinuliwa juu kionekane, na watu wangeuliza nani alikifuma. Bibi arusi mwenye mama, mama yake ndiye humjibia. Wahiba hakuwa na wa kumjibia. Baba yao alikuwa dereva wa malori yaendayo kusini, nyumbani alionekana mara mbili kwa mwezi, na hata angekuwepo, hiyo si shughuli ya wanaume. Ndipo Nuara, mwenye miaka kumi na mitatu, akajipiga kifua.

"Pazia la Mama nitalifuma mimi."

"Utaiweza karatasi yake?" aliuliza Wahiba.

"Dada, si mimi niliyepata zawadi ya kazi za mikono shuleni? Nitaisoma kama gazeti."

Wahiba alimkumbatia, akamlowesha bega kwa machozi. Nuara alijiona mkubwa siku ile.

Karatasi yenyewe ilionekana rahisi. Pazia la namna ile ni miraba midogomidogo tu: mraba ama unaachwa tundu, ama unajazwa uzi, na ile iliyojazwa ndiyo inayochora picha. Karatasi ya Mama ilikuwa na mistari sitini. Nambari yenye duara ilimaanisha matundu, na nambari isiyo na duara ilimaanisha miraba ya kujaza. Mstari mmoja wa karatasi ulikuwa mstari mmoja wa pazia. Nuara aliuanza mstari wa kwanza upande wa kulia, kama anavyosoma kitabu chochote cha Kiarabu, akafuata nambari hadi mwisho. Akaigeuza kazi mkononi, akatazama mstari wa pili, nao akauanzia kulia. Wa tatu vilevile. Kila alasiri alifunga mlango wa chumba akafuma hadi vidole vikafa ganzi.

Alipofika mstari wa ishirini aliitandaza kazi kitandani. Hapakuwa na njiwa. Hapakuwa na bawa wala mdomo wala jicho. Palikuwa na madoa yaliyotapakaa ovyo, kama shayiri iliyochakurwa na kuku. Alisogea mbali akatazama, akafumba jicho moja akatazama. Shayiri na kuku.

Alidhani amehesabu vibaya. Akafumua yote, akaanza upya, safari hii akihesabu kwa sauti. Mstari wa ishirini ulipofika, madoa yalikuwa yaleyale mahali palepale.

"Umefika wapi?" Wahiba aliuliza kutoka jikoni, mikono yake imejaa unga.

"Karibu nusu."

"Nusu! Nionyeshe basi, kidogo tu."

"Hapana, dada. Utaliona likiisha."

Uongo ule ulimtoka kwa wepesi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Alimpelekea karatasi Ustadha Bahija, mwalimu wake wa hesabu, baada ya kipindi. Hakumwambia shida yote. Alisema tu kwamba anataka kuhakikisha nambari ziko sawa. Ustadha Bahija alivaa miwani, akajumlisha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaruka hadi wa thelathini, akamaliza na wa mwisho.

"Kila mstari unatoa arobaini kamili," alisema. "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu makini. Karatasi haina kosa hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ukiona kosa, basi liko mkononi mwa mfumaji."

Ustadha alisema kwa tabasamu, wala hakukusudia ubaya. Lakini Nuara alitoka darasani amebeba maneno yale kama mtu aliyesomewa hukumu. Kama karatasi ilikuwa sawa, basi yeye ndiye aliyekuwa mbovu. Mikono ya Mama ilikufa na Mama, hakuna aliyeirithi.

Alifumua mara ya pili. Akafuma tena, safari hii akaanzia mstari wa mwisho kwenda juu, akitumaini kwamba labda Mama aliandika kutoka chini. Madoa yakawa mengine, njiwa wakawa walewale wasiokuwepo. Uzi nao ulianza kuchoka. Pale ulipofumuliwa na kufumwa tena uligeuka rangi ya maji ya vyombo, ukatoa vinyweleo. Alikwenda kwenye maduka matatu na kipande cha uzi kiganjani, na wauzaji wote watatu walimwambia neno moja: uzi ule hauletwi tena.

Jioni moja Wahiba alirudi kutoka kwa wakwe zake watarajiwa, uso wake umechanua kama hajawahi kufiwa. Akamkalisha Nuara kando yake.

"Leo Lalla Fadila kanisema mbele ya wifi zangu wote," alisema. Lalla Fadila, kwa maana ya Bi Fadila, ndiye aliyekuwa mama wa bwana arusi. "Ati, 'Masikini wewe, sijui nani atakuinulia vitu vyako siku ya masanduku.' Unajua nilimjibu nini? Nikamwambia, mama yangu ataniinulia mwenyewe. Kaniachia pazia la njiwa, mdogo wangu analimalizia. Akanyamaza kimya!"

Nuara alijaribu kutabasamu. Midomo ilikataa.

"Mbona umesawijika? Unaumwa?"

"Kichwa tu."

Kesho yake hakwenda shule. Alingoja Wahiba atoke, akafunga mlango, akaikalia kazi mara ya nne. Zilibaki siku kumi na nane. Mchana ulipopita alikuwa mstari wa ishirini na sita, na alichokitandaza gotini hakikuwa picha ya kitu chochote duniani. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa huzuni, na mwisho akalia bila kujua kwa nini. Alimlaumu Mama kwa kufa. Alimlaumu kwa kuacha nambari badala ya kuacha maneno. Halafu akachukua mkasi.

Alikata mara moja, akaona uzi umeachia, akashindwa kujizuia. Alikata tena na tena. Alipoacha, madonge manne ya uzi wa Mama yalikuwa vipande visivyounganika, na kilichobaki kizima kilikuwa pande moja lenye upana wa kiganja. Ndipo alipoelewa alichokifanya.

Wahiba hakupaswa kuviona vile vipande. Hilo ndilo wazo pekee lililomjia. Alivitia kwenye mfuko wa plastiki, akashuka mbio mtaa wa chini hadi nyuma ya hamamu, kwenye tanuri linalochemsha maji. Alijua kwamba saa zile mchochea moto huwa amekwenda kunywa kahawa. Alifungua kijilango cha chuma, joto likampiga usoni.

"Unachoma nini, binti yangu?"

Khalti Zulikha alikuwa nyuma yake, ameshika ndoo ya maranda ya mbao.

"Takataka, Khalti."

"Takataka nyeupe hivyo?" Aliiweka ndoo chini, akanyoosha mkono. Nuara aliukumbatia mfuko. Khalti hakumnyang'anya. Alibaki amenyoosha mkono tu, kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja, mpaka Nuara mwenyewe akaulegeza mfuko na kuanza kulia upya.

Khalti Zulikha alimkalisha kwenye benchi la mchochea moto. Alimwaga vile vipande kwenye aproni yake, akatafuta lile pande lililobaki zima, akalitandaza gotini. Alilipapasa kwa kidole gumba kutoka chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja.

"Huu uko sawa," alisema. "Huu umegeuka. Huu sawa. Huu umegeuka. Sawa. Umegeuka." Akainua macho. "Hapa pana ndege wamelaliana. Nusu ya mwili wao inatazama mlimani, nusu inatazama sokoni. Karatasi unayo?"

Nuara alikuwa nayo mfukoni, imelegea kwa kukunjwa. Lakini alisita, na lililomjia mdomoni likamponyoka kabla hajalizuia.

"Lakini Khalti, wewe hujui kusoma."

Moto ulinguruma tanurini. Khalti Zulikha hakukasirika, au kama alikasirika, alikasirikia moyoni.

"Herufi sizijui," alisema. "Nambari nazijua, nambari za makabati ya humu ndani zimenifundisha. Na hiyo karatasi, unadhani mama yako alijifunza wapi kuandika hivyo, duara kwa tundu na bila duara kwa kujaza? Nani alimfundisha?"

Nuara alimtazama.

"Alikuwa msichana wa umri wako. Alikuwa anakaa pale chini, kando ya kreti langu, ananipotezea uzi. Lete."

Akaitandaza karatasi juu ya lile pande. Kidole chake kilianzia kulia, kikaenda taratibu mpaka mwisho wa mstari wa kwanza, kushoto. Kisha kidole kile hakikuinuka. Kilishuka mstari mmoja chini, palepale kushoto, kikaanza kurudi kuelekea kulia. Mwisho wa mstari wa pili kikashuka tena, kikaenda kushoto.

"Wewe ulifanyaje?" aliuliza.

"Nilianzia kulia, Khalti. Kila mstari."

"Kila mstari! Kwa nini?"

"Ndivyo tunavyosoma."

"Ndivyo mnavyosoma kitabu. Ukimaliza mstari, kazi huigeuzi?"

"Naigeuza."

"Mkono wako unarudi ulikotoka, macho yako yanaruka kwingine. Vitaonana wapi?" Alicheka kidogo, kicheko cha kumhurumia. "Marehemu baba yangu alilima kule mlimani na nyumbu mmoja. Akifika mpakani mwa shamba, anageuza plau, anarudi huku analima. Hakumbeba nyumbu mabegani akamrudishe alikoanzia!"

Nuara aliitwaa karatasi. Akafuata mistari mitatu kwa kidole, kwenda na kurudi, na kwa mara ya kwanza nambari zikashikana. Pale mstari mmoja ulipojaza tatu, uliofuata ulijaza nne juu yake, na uliofuata ukajaza tano. Kitu kilikuwa kinavimba, kama kifua cha ndege.

"Lakini lile ua la zawadi nililofuma shuleni lilitoka vizuri," alisema, bado haamini. "Nalo nililisoma hivihivi."

"Ua lako kulia na kushoto ni sawasawa. Hata ukilisoma kwa kisogo litatoka. Ndege ana mdomo upande mmoja."

"Na Ustadha alijumlisha kila mstari, akasema hakuna kosa."

"Hakuna. Arobaini ni arobaini, uhesabu ukienda au ukirudi. Ustadha wako hakudanganya. Hujamwambia shida yako, atajuaje cha kutafuta?"

Hapo Nuara aliinamisha kichwa. Maneno yalitoka kidogo kidogo. "Khalti, mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza kila siku. Kila siku ukanijibu linaendelea vizuri. Mtu akisema ameshiba, nimfungue kinywa kwa kijiko?" Khalti Zulikha alikusanya vile vipande, akavirudisha mfukoni, akamkabidhi. "Nitakusaidia. Mimi na wewe, mikono miwili kwa miwili, siku zilizobaki zinatosha. Ila sishiki sindano mpaka dada yako awe amejua. Nenda kamwambie."

"Ataniua."

"Hakuui. Atakuumiza kidogo. Nenda."

Wahiba alikuwa akikanda kesra, mkate wa sufuriani, Nuara alipoingia jikoni na kuuweka mfuko mezani. Alisema yote bila kuvuta pumzi: nusu haikuwepo, haikuwahi kuwepo, na madonge manne ameyakata kwa mkasi. Wahiba hakupiga kelele. Alitia mkono mwenye unga ndani ya mfuko, akatoa vipande viwili vitatu vya uzi, akavitazama kiganjani.

"Huu alinunua kabla hajalazwa," alisema polepole. "Nilikuwa naye. Alipumzika mara tatu njiani."

"Dada, nisamehe."

"Kwa nini hukusema? Siku ya kwanza, kwa nini hukusema? Ningekugombeza? Nimewahi kukugombeza?"

Wahiba aliuacha unga ulivyo, akaingia chumbani. Kwa siku mbili hakumsemesha mdogo wake isipokuwa "kula" na "funga mlango", na hizo ndizo siku mbili ndefu kuliko zote ambazo Nuara aliwahi kuziishi, ukiondoa zile za msiba. Siku ya tatu Wahiba alimkuta amekaa kando ya kreti la hamamuni, sindano mkononi. Alisimama, akatazama, akavuta ndoo akaipindua na kukaa nao. Alishika donge la uzi akawa anawafungulia.

Walifuma kwa zamu. Nuara alifuma baada ya shule, Khalti alifuma asubuhi wateja wakiwa wachache. Kazi haikuwa ya furaha sana. Nuara alikuwa na mazoea yake, na mara mbili alijisahau akaanzia kulia mahali pa kuanzia kushoto, ikabidi wafumue mstari mzima.

"Nyumbu!" Khalti alikuwa akiguta kila akimwona anasita mwisho wa mstari. "Mgeuze nyumbu! Na ulegeze mkono, umekaza uzi kama unamnyonga mtu."

Madonge manane yalitosha kipande kimoja tu. Waliyapima kila namna, hayakukubali kuwa mawili. Mlango unataka vipande viwili, kila mtu anajua. Nuara alipolitambua hilo aliweka sindano chini, na ile huzuni ya siku ya mkasi ikamrudia yote. Kipande cha pili alikuwa amekiua kwa mikono yake, na hakuna kuomba radhi kungekifufua.

Njiwa wa kwanza alitoka siku ya tano, mkubwa, kichwa kimeinama. Walidhani amechoka. Siku ya tisa akatoka wa pili, mdogo, amekaa kwenye tawi lilelile chini ya mdomo wa yule mkubwa. Ndipo wakaona kwamba yule mkubwa hakuwa amechoka. Alikuwa amemwinamia mdogo, kana kwamba anamnong'oneza, au anamlisha.

Wahiba alikishika kile kipande kwa mikono miwili.

"Hakuwa akinifumia mimi peke yangu," alisema. "Huyu ni mimi. Huyu ni wewe. Alikuwa ananiachia wewe."

Nuara alificha uso begani mwa dada yake, kama dada yake alivyolilia bega lake yeye siku ile alipojipiga kifua. Khalti Zulikha aligeukia upande wa pili akaanza kukunja mataulo yaliyokwisha kukunjwa.

Siku ya Alhamisi sebule ilijaa wanawake hadi ukumbini, kahawa na maandazi ya tende yakizungushwa. Vitu viliinuliwa kimoja kimoja, na kila kimoja kilipigiwa vigelegele. Pazia lilipotoka, Lalla Fadila alilishika ukingo, akaligeuza nyuma na mbele, akaguna kwa kuridhika. Kisha akatafuta sandukuni.

"Na mwenzake?"

Wahiba alifungua mdomo, lakini Nuara alikuwa ameshasimama.

"Mwenzake nilimharibu mimi, Lalla. Sikujua kusoma karatasi ya Mama, nikasema najua. Nikaukata uzi. Hiki kimoja kimefumwa kwa sababu Khalti Zulikha alinifundisha."

Minong'ono ilipita. Mtu mmoja akauliza, "Zulikha yupi, yule wa hamamuni?" Lalla Fadila alimtazama Nuara kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akalitazama pazia tena.

"Dirisha la chumba chao ni jembamba," alisema hatimaye. "Linataka kimoja. Inueni juu, watu waone!" Na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kupiga kigelegele.

Wiki moja baada ya arusi nyumba ilikuwa kimya mno. Nuara alitoka shuleni, akamega ncha ya mkate, akashuka hadi hamamuni. Hasna hakuongozana naye siku hiyo. Khalti Zulikha alimpa nafasi kando ya kreti.

"Umemkumbuka dada yako."

"Ndiyo, Khalti."

"Utazoea. Siyo leo." Kisha, kwa vile hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kulifunga fundo, akaendelea. "Ila nikuambie kitu kimoja ukiweke. Kutojua kwako hakukuharibu hata uzi mmoja. Mtu asiyejua huuliza, akafundishwa, yakaisha. Mbona mimi nakuuliza karatasi zangu kila siku, nimepungua nini? Madonge manne ya mama yako yaliharibiwa na 'linaendelea vizuri'. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikwama, sema umekwama, tena sema mapema, kabla mkasi haujaingia."

"Nimekuelewa, Khalti." Nuara alifungua begi, akatoa daftari jipya na kalamu ya risasi, akaviweka juu ya magoti ya yule mama. "Na wewe, umekwama wapi?"

Khalti Zulikha alilitazama daftari kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Alicheka, akakataa, akasema amezeeka, akauliza kama kalamu ile haina kulabu kama ya sindano yake. Mwisho akaishika. Nuara alimwandikia jina lake juu kabisa, naye akalinakili chini yake, ulimi nje, herufi zikiyumba kutoka kulia kwenda kushoto: Zulikha, Zulikha, Zulikha. Alipofika ukingoni mwa karatasi hakuinua kalamu. Aliishusha mstari mmoja chini, palepale kushoto, akaanza kurudi.

"Khalti, hapana! Kwenye maandishi unarudi mwanzo. Kulia."

"Kila mstari?"

"Kila mstari."

"Nimbebe nyumbu mabegani, kila mstari?"

"Kila mstari, Khalti."

"Basi wenye elimu mna kazi," alisema Khalti Zulikha. Akainua kalamu, akambeba nyumbu wake taratibu mpaka upande wa kulia, akaanza tena.